Cuddy Hepple, Neno Lake na Liki Zake

Kabla ya kiharusi, sauti ya Cuddy Hepple ilisikika kutoka mlango wa klabu hadi mlango wa kanisa, na katikati hapo kuna mlima. Anayebisha aende kijijini Whinlaw, kule kwa Waingereza, akaulize. Alichimba makaa ya mawe tangu ujanani mpaka mgodi ulipofungwa. Wenzake walihuzunika wakanyamaza. Yeye alihuzunika akaendelea kusema. Alibishana na kasisi kuhusu safina ya Nuhu, akabishana na muuza samaki kuhusu samaki, na mvua ikinyesha siku ambayo yeye alisema haitanyesha, alisimama mlangoni akabishana nayo. Jambo moja tu hakulibishania, kwa sababu hakukuwa na wa kumbishia: kwamba bonde zima lile hapakuwa na mtu wa kulea liki, ile mboga ndugu ya kitunguu, kama yeye.

Na usinifikirie zile liki nyembamba za sokoni, zinazofungwa kwa uzi na kukatiwa kwenye supu. Liki za Whinlaw ni nene kama mguu wa meza ya chifu, shina jeupe pepepe, majani yametanuka huku na huku kama tausi aliyeudhiwa. Mwanamume wa kule akistaafu hukodi kishamba nyuma ya reli ya zamani, akachimba mtaro, akajenga kibanda, na tangu hapo mkewe humwona wakati wa chakula. Liki hunyweshwa bia iliyochacha, hutiliwa masizi ya dohani, na vitu vingine ambavyo hata umfunge mtu kamba hakutajii. Kila Septemba huchimbuliwa, zikaoshwa kama bibi harusi, zikapelekwa klabuni kupimwa. Mbegu ya Cuddy aliachiwa na babake, naye babake aliachiwa na wake. Wala si mbegu hasa, ni vichipukizi vinavyoota juu ya ua la liki mama. Ukivichuma na kuvitunza unapata mtoto aliyefanana na mzazi kila kitu, hata ukaidi.

Mwezi Machi, akiwa katika kibanda chake cha vioo anahamisha miche, Cuddy alianguka. Mkewe, Thelma, alimfuata alipoona chakula kinapoa. Alijua kuna msiba tangu langoni, maana alifika pale asisikie mtu akijisifu.

Cuddy alizinduka hospitalini, mkono wa kulia umelala kando yake kama gunia la mchanga la mtu mwingine. Kichwani alikuwa mzima. Aliyaona maneno yake yote yamejipanga foleni, yamevaa, tayari kutoka. Alitaka kumwambia mkewe, "Thelma, miche nani anaimwagilia?" Akafungua kinywa.

"Get," akasema.

Akashtuka. Akajaribu tena, taratibu, kama anayefungua mlango uliovimba kwa mvua.

"Get. Get... get."

Thelma akamletea maji. Hakutaka maji. Muuguzi akamletea kile chombo cha kujisaidia. Hicho hakukitaka hata kidogo, akakisukuma kwa mkono wa kushoto, na hapo Thelma akapata matumaini kwamba mumewe bado yumo ndani.

Sasa neno hilo la Kiingereza. Shuleni tuliambiwa maana yake ni kupata, na mwalimu aliyetuambia hivyo alisema kweli robo, robo tatu akaziacha nyumbani. Mimi shule niliiacha mapema kabla haijaniacha, lakini watu hawa nimekaa nao, na neno hilo nimelifuatilia kama mbwa anavyomfuata muuza nyama. Hilo ndilo punda wao wa mizigo. Wanalitumia kuamka kitandani, kupanda basi na kushuka basi lilelile. Wanalitumia kuoa. Wanalitumia kulewa, kulowa mvua, kuzeeka, kupona, kuelewa hesabu, kumtuma mtoto chumvi na kumfukuza paka. Sisi kila kazi tumeipa chombo chake, hata kuku kutaga na kuatamia hatuchanganyi. Wao wana jembe moja: wanalimia, wanachimbia kaburi, na siku mwiko ukipotea wanakorogea uji.

Kwa hiyo kiharusi kilipoingia nyumbani kwa Cuddy na kubeba vyombo vyote, kilimwachia kile kimoja ambacho angalau kina mpini.

Ndivyo alivyowaambia Nerys, binti wa Kiwelshi aliyekuwa akija nyumbani kufundisha wagonjwa kusema. Aliketi jikoni, miguu haifiki chini, akamkazia macho Cuddy bila kumwonea huruma, na Cuddy akampenda hapohapo.

"Una bahati, Bwana Hepple," akasema. "Nina mgonjwa mmoja amebakiwa na 'Jumanne.' Mwingine amebakiwa na tusi, tena ni mzee wa kanisa."

"Huyu angebakiwa na tusi nisingeona tofauti," Thelma akasema.

"Get!" akafoka Cuddy.

"Umeona? Hilo nimelielewa," Nerys akasema. "Umemwambia anyamaze. Sasa niombe chai. Usilisukume neno. Kwanza nitazame, halafu kitazame kitu, halafu liache neno lije lenyewe nyuma yako, kama mtoto anayefuata mama sokoni."

Cuddy akamtazama yeye, akaitazama birika, akainua nyusi. "Get?"

"Sukari vijiko vingapi?"

Cuddy akaonyesha vidole vitatu. Thelma akasema, "Kimoja, daktari amekataza," na hapo mabishano ya kwanza ya nyumba ile tangu Machi yakafanyika, upande mmoja una maneno yote na mwingine neno moja, na aliyeshinda alikuwa na neno moja: alipewa viwili.

Siku zikaenda, wakajifunza. Akishika viatu na kusema neno lake kwa kulipandisha, ni twende. Akilishusha puani, ni mtu huyu amenichosha. Akilirudia harakaharaka, paka yupo juu ya meza. Siku moja alisimama mbele ya picha yao ya harusi, akamgusa Thelma begani, akaigusa picha, akalisema taratibu sana, karibu lisisikike.

"Ndiyo," Thelma akajibu akiendelea kukunja shuka. "Tulioana. Kosa langu mwenyewe, mama alinionya."

Lakini aliendelea kukunja shuka ileile muda mrefu.

Mwezi Mei akaja Sep Tulip. Sep alichimba makaa bega kwa bega na Cuddy, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha liki. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa kuwa maisha yake yote aliyaishi karibu na Cuddy na nafasi ya kuyasema hakuipata. Akavua kofia, akaketi.

"Unaendeleaje, mzee mwenzangu?"

"Get."

"Na mkono?"

"Get."

"Ajabu," Sep akasema, akimgeukia Thelma. "Hii ni mara ya kwanza tangu tuzaliwe nimemaliza sentensi mbele ya mtu huyu."

Thelma alicheka mpaka akaiweka birika chini. Cuddy akampiga Sep jicho ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Nimekuja kwa habari ya kishamba," Sep akaendelea, sasa akiikunja kofia yake. "Sheria unaijua. Asiyeleta liki Septemba, kishamba kinakwenda kwa aliye mbele kwenye foleni. Na aliye mbele ni Gowland. Ananiuliza kila siku kama utapona, na haulizi kwa upendo."

Cuddy aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ilikuwa yake. Aliitunga mwenyewe zamani ili kumtoa jirani mvivu aliyekuwa akilima magugu na kusoma gazeti, na siku aliyoipeleka klabuni aliigonga meza hata bia za watu zikamwagika. Wala hakuishia hapo. Alipohisi kuna watu wananunua liki vijiji vingine na kujidai ni zao, akatunga na ya pili: wiki moja kabla ya mashindano, viongozi wazunguke vishamba vyote wakizipiga muhuri liki mle mle mtaroni, na kila mkulima aulizwe maswali matatu mbele za watu, ayajibu kwa kinywa chake mwenyewe, asijibiwe na mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Wala hawakusema kwamba wakati mwingine huingia akiwa na mkono mmoja.

"Na muhuri?" Thelma akauliza. "Atajibuje maswali?"

Sep akaitazama kofia yake. "Sheria haisemi ajibu kwa neno gani. Inasema ajibu kwa kinywa chake. Neno analo."

Alipoondoka, Cuddy alichukua viatu vyake, akavitupa miguuni kwa mkewe.

"Get," akasema. Thelma hakuhitaji kufafanuliwa.

Ujue kwamba miaka yote ya ndoa yao, ukiacha siku ile ya Machi, Thelma hakuwahi kuvuka lango la kishamba. Alikuwa akifika na chai, anaita, anakabidhi, anarudi. Wanaume wa Whinlaw waliamini kwamba liki ikitazamwa na mwanamke hupasuka, na aliyeieneza imani hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote unamjua. Sasa alimtembeza mkewe kati ya mitaro kwa ncha ya fimbo, mkono wake mmoja mzima ukiishikilia fimbo hiyo ili asianguke, na Thelma akapiga magoti kwenye udongo mweusi akaipanda miche, ambayo Sep alikuwa akiimwagilia tangu Machi. Alipanda mmoja mmoja, Cuddy akihema juu ya kichwa chake kama ng'ombe.

"Get!"

"Nimeuweka wima."

"Get!"

"Nimefukia vya kutosha!"

"Get, get, get!"

Siku moja ya Julai, baada ya mvua ya ghafla, Cuddy aliona liki kubwa kuliko zote imevimba ndani ya ile karatasi nene wanayolifungia shina liwe jeupe. Aliona hatari: ikibanwa vile itapasuka. Akaanza kuipiga ardhi kwa fimbo, neno lake likitoka kama mvua ya mawe. Thelma akadhani anataka maji, akaleta ndoo. Cuddy akatupa kofia. Thelma akatupa ndoo.

"Sikia, wewe mzee! Nakuvua viatu, nakukatia nyama, nakunyoa hizo ndevu za mbuzi. Ukinifokea tena nammwagia huyu mtoto wako siki, mbele yako!"

Treni ya mbali ikapita. Cuddy akavuta pumzi, akakumbuka miguu ya Nerys isiyofika chini. Akamtazama mkewe. Akaitazama karatasi. Akaiegemeza fimbo kwenye nyonga, akaukunja mkono wake wa kushoto ngumi, kisha akaufungua polepole, kidole baada ya kidole.

"Get," akasema kwa upole.

"Kulegeza," Thelma akasema. "Niilegeze karatasi." Akapiga magoti, akailegeza. "Basi si ungesema!"

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Cuddy, maana kicheko hakikuibwa, kilibaki vilevile kikubwa, na Gowland aliyekuwa akipita nje ya ua akachungulia kuona nani amepona.

Baada ya hapo Thelma akaacha kungojea kuambiwa. Alianza kuzisoma liki mwenyewe, akijua kwa kugusa jani ipi ina kiu na ipi inajidai. Agosti joto lilipowaka kuliko ilivyo kawaida kule, Cuddy alitaka zipewe bia, kama babake alivyofanya. Thelma akakataa. Alikwenda nyumbani, akashusha mapazia yake meupe ya dirishani, yale ya wavu, akayatundika juu ya mtaro kwa vijiti. Cuddy aliona aibu iliyomshuka mpaka kwenye soksi. Mapazia! Yana maua! Wanaume wakapita, wakasimama uani, wakauliza kama liki zinalala saa ngapi na kama zinahitaji kusomewa hadithi. Thelma akawajibu kwamba waume wakubwa kama wao wamesomewa hadithi maisha yote na bado hawajakua.

Joto lilipokwisha, liki za jirani wa kulia zilikuwa zimelegea, na za jirani wa kushoto, na tatu za Sep mwenyewe. Chini ya mapazia zilisimama kama askari.

Cuddy aliliona hilo. Lakini mtu aliyejisifu miaka sitini haachi kwa mwezi mmoja, hata akiwa amepokonywa maneno, hujisifia kimoyomoyo. Akajiambia kwamba wazo la mapazia lilikuwa njiani linamjia, mkewe alilidaka tu kabla halijafika. Kichwa changu, akajiambia, mikono yake. Liki zangu.

Jumamosi ya muhuri ilikuja na ukungu mwembamba. Walikuja wote. Sep alikuwa mbele amevaa tai. Nyuma yake Alderson, fundi viatu, amebeba muhuri na wino kana kwamba amebeba mtoto wa mfalme. Kisha wakulima wengine ishirini hivi, maana kila mtu alitaka kuona Cuddy atafanyaje. Gowland naye alikuwapo, ingawa hana kishamba, na alikuja na koleo. Koleo lilikuwa jipya, karatasi ya dukani bado imeng'ang'ania mpini.

"Koleo la nini, Gowland?" Thelma akamuuliza. "Unamzika nani?"

"Nalitembeza tu, mama."

Cuddy alisimama kwenye kichwa cha mtaro amevaa koti lake la mazishi. Thelma alikuwa nyuma kidogo, mikono mifukoni mwa aproni. Cuddy alichagua jozi bora kwa fimbo, Sep akakohoa.

"Cuthbert Hepple. Liki hizi ni za kishamba hiki?"

"Get."

Wanaume wakatikisa vichwa: ndiyo hiyo. Hata Gowland hakusema kitu.

"Hazikununuliwa, hazikuazimwa, hazikutoka mtaro mwingine?"

"Get!" Hilo alilitoa kwa hasira hasa, na watu wakacheka, kwa sababu walisikia ndani yake hotuba nzima ya zamani kuhusu wezi wa kijiji cha jirani.

Sep akashusha sauti. "Tangu zipandwe mtaroni, kuna mkono mwingine uliozilea?"

Ukungu ukatulia. Alderson alikuwa ameshagusisha muhuri kwenye wino. Kila mtu pale alijua, na kila mtu alikuwa ameamua kutokujua. Wengi wao walikuwa wamemwona Thelma amepiga magoti Mei, Juni, Julai. Walikuwa wamemtania kwa mapazia. Lakini Cuddy alichimba makaa nao chini ya ardhi. Alihitaji kusema neno moja tu, na neno analo moja tu, nao wangelisikia vile wanavyotaka kulisikia.

"Sema neno lako, mzee mwenzangu," Sep akanong'ona. "Lolote, tuendelee kwenye kishamba cha Watson."

Neno lilikuwa tayari. Cuddy alilihisi ulimini, mwaminifu kama punda langoni. Lilikuwa limembebea chai na viatu, limembebea hasira na ndoa yake. Uongo mdogo kama huu lingeubeba bila hata kuhema. Na kishamba kingebaki chake, na mbegu ya babake. Wala asingeulizwa na mtu yeyote duniani.

Akayatazama mapazia. Thelma alikuwa hajayaondoa. Yalikuwa yamelowa umande, maua yake yakaonekana vizuri kweli, kila moja.

Akafunga kinywa. Akaichomeka fimbo yake kwenye udongo, akayumba, akajishika. Akamgeukia mkewe, akautoa mkono wake kwenye mfuko wa aproni. Mkono ule ulikuwa na udongo kwenye kucha ambao sabuni ilikuwa imeshaukatia tamaa. Akauinua juu mbele ya watu wote, juu kabisa, kama refa anavyouinua mkono wa bondia aliyeshinda.

"Get," akasema.

Hapakuwa na wa kuuliza maana yake.

"Usifanye hivyo, bwana!" Sep akalia. "Utaniua! Unajua sasa nifanyeje?"

"Amejitoa!" Gowland akasema. "Mmeona wote. Sheria ni sheria, tena ni yake mwenyewe!" Na koleo likapiga hatua moja mbele.

Kelele zikazuka. Mmoja alisema sheria iliandikwa kwa wezi, si kwa wagonjwa. Mwingine akasema akifunguliwa Cuddy mlango, kesho kila mtu ataleta shangazi yake. Thelma alitaka kuuteremsha mkono wake na Cuddy akakataa kuuachia. Sep alisimama katikati akizungusha tai yake, na midomo yake ikicheza kama mtu anayehesabu, halafu, kwa mara ya pili katika maisha yake, akasema jambo refu.

"Kuna desturi ya mjane," akasema. "Mwanachama akifa, mjane wake haendi foleni. Akitaka kulima, kishamba ni chake. Hakuna aliyewahi kutaka, lakini desturi ipo. Alderson, ipo, haipo?"

"Ipo," Alderson akasema.

"Mjane wa nani?" Thelma akauliza. "Mume wangu huyu hapa, anakukanyagia kamba ya viatu."

"Thelma, ule mdomo tuliuzika Machi. Kijiji kizima tulisikia kimya chake. Wewe mke wa mdomo ule umefiwa, hiyo ni haki ya Mungu."

Vicheko vikaanza nyuma. Gowland akapaza sauti: "Huwezi kumwita mtu marehemu akiwa amesimama! Mwenyewe akubali!"

"Sawa," Sep akasema, na uso wake ukawa wa kanisani. "Cuthbert Hepple. Umekufa, au hujafa?"

Macho yote yakamgeukia Cuddy. Shingo yake ikawa nyekundu, na wekundu ukapanda mpaka masikioni. Mtu aliyekuwa hakubali kushindwa hata na mvua, anaombwa aitike msiba wake mwenyewe, hadharani, ili mkewe awe bwana shamba. Ndani yake maneno yote ya zamani yalisimama foleni yakimsihi: Kataa! Kwa muda wa pumzi mbili tatu alionekana kama atakataa.

Kisha akauachia mkono wa Thelma. Akavua kofia. Akaketi taratibu kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaiweka kofia kifuani, akafumba macho, akaachia kichwa kianguke upande mmoja na ulimi utoke kidogo.

Nasema kilichofuata kilisikika kanisani. Watu walishikana mabega. Alderson alijipiga muhuri shavuni. Hata Gowland alicheka, akaegemea koleo lake jipya, akacheka mpaka akapangusa macho, na mtu akishacheka hivyo hawezi tena kudai shamba.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," mmoja akasema.

"Usidanganye mbele ya maiti," akajibiwa.

"Thelma Hepple," Sep akasema alipoipata sauti yake. "Liki hizi ni za kishamba hiki?"

"Ni za hapahapa."

"Hazikununuliwa?"

"Nani angeuza hizi?"

"Kuna mkono mwingine uliozilea tangu zipandwe?"

Thelma akamtazama maiti kwenye ndoo, ambaye alikuwa amefungua jicho moja. "Mkono wake wa kulia umelala. Wa kushoto unashika fimbo. Mengine yote yalikuwa kelele."

Muhuri ukashuka kwenye jani, ukaacha duara la bluu.

Septemba, liki za Thelma Hepple zilikuwa za tatu. Cuddy hajakubali mpaka leo kwamba za kwanza na za pili zilipimwa sawasawa, na ukimkuta klabuni atakueleza kwa neno lake moja kwa muda wa bia mbili, nawe utaelewa hoja zake zote, utakosa tu namna ya kuondoka. Cheo chake shambani sasa ni kibarua. Gowland alipokuja kwa unyenyekevu kuomba vichipukizi viwili vya ile mbegu, Thelma akamjibu, "Sijui, muulize kibarua wangu," na kibarua akamnyima kwa furaha ya ajabu, kisha akampelekea vitatu baada ya wiki.

Lakini siku yenyewe ya mashindano ndiyo ninayoipenda. Zawadi za Whinlaw hazitolewi kwa fedha. Hupangwa kwenye meza ndefu mwishoni mwa ukumbi, vitu vya nyumbani: mablanketi, sufuria, saa za ukutani, taa, na washindi huchagua kwa zamu yao. Kila mwaka alioshinda Cuddy alichagua kifaa cha kupimia hali ya hewa, ili abishane nacho. Nyumbani vilikuwapo vinne, na hakuna viwili vilivyokubaliana. Thelma hakuwahi kuulizwa anataka nini.

Sep akaliita jina. Ukumbi ukapiga makofi, na Thelma akaondoka kitini, akainyoosha sketi yake ya buluu, akaanza kutembea kando ya meza. Alipita saa. Akaikunja pembe ya blanketi, akaiacha. Aliinua kifuniko cha sufuria akachungulia ndani kana kwamba kuna kitu kinapikwa. Mshindi wa nne alikuwa ameshasimama anangoja. Kule nyuma Cuddy alikuwa amenyoosha fimbo kuelekea kifaa kimoja kizuri cha shaba chenye mshale, akilirudia neno lake kwa kila sauti aliyonayo, ya kusihi, ya kuamuru, ya kubembeleza, na watu wa karibu wakilitafsiri kwa makelele.

"Anasema chukua kile, Thelma!"

"Nimemsikia," Thelma akasema bila kugeuka, na akarudi mwanzo wa meza, akaanza tena, polepole zaidi.